Alan Turing, mtu aliyefundisha mashini kuiga mashini ingine

Kijana mmoja anayetengeneza telefoni karibu na soko hapa Kalemie aliniuliza swali moja, na nilishindwa kumjibu. Alikuwa anacheza mpira kwenye telefoni yake, mchezo wa zamani uliotengenezwa kwa ajili ya PlayStation. Sasa yeye anajua telefoni ndani na inje. Anajua kwamba prosesa yake, ule ubongo mdogo unaofanya hesabu zote, haisikii luga ya prosesa ya PlayStation. Ni sawa na kumpa mtu anayejua Kichina tu barua ya Kitabwa. Na hata hivyo mchezo unatembea. Jina la programu inayofanya kazi hiyo analijua, ni emuleta, na kuiweka kwenye telefoni ya mteja ni kazi ya dakika mbili kwake. Lakini inafanya nini ndani? Hapo tulibaki tunaangaliana.

Nilitafuta jibu siku kadhaa. Umeme ukirudi natafuta, ukikatika nangoja. Jibu lilinipeleka kwa mtu aliyekufa mwaka 1954, wakati mji wetu ulikuwa bado unaitwa Albertville na telefoni ilikuwa kitu cha waya. Anaitwa Alan Turing. Yeye njo alionyesha, kwa kalamu na karatasi tu, kwamba mashini moja inaweza kufanya kazi ya mashini ingine yoyote ya namna yake, ikipewa maelezo ya gisi ile ingine inafanya.

Turing alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza kule India, wakati ilikuwa koloni. Mama yake, Sara, alikuwa binti ya mhandisi mkubwa wa reli ya Madras. Wazazi waliona India siyo fasi ya kulelea watoto, wakamwacha Alan na kaka yake John kwa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu na mke wake, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Wao walikuwa wanaenda na kurudi. Wasomaji waliokulia kwa watu wengine sababu baba alikuwa anatafuta maisha mbali hawahitaji maelezo.

Mwaka 1926, akiwa na miaka 13, alitumwa kwenye shule ya bweni ya Sherborne. Alishuka kwenye meli bandarini Southampton, kumbe nchi nzima iko kwenye mgomo, treni hakuna. Kijana alipanda baiskeli yake, ile sisi tunaita kinga, akapiga karibu kilomita 100, akalala njiani usiku mmoja, akafika. Hiyo safari inasema mambo mengi juu yake. Lakini shuleni walimu hawakumpenda sana. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, wino kila fasi, na shule ilithamini Kilatini kuliko sayansi.

Mtu aliyemwelewa pale alikuwa mwanafunzi aliyemtangulia darasa moja, Christopher Morcom. Walikuwa wanazungumza juu ya nyota na hesabu. Morcom alikufa tarehe 13 Februari 1930 kwa kifua kikuu alichokuwa amekipata zamani kwenye maziwa ya ng'ombe mgonjwa. Turing aliendelea kwa miaka kumwandikia barua mama ya rafiki yake. Aliumizwa kichwa na swali moja: ile akili ya Morcom imeenda wapi? Akili inaweza kukaa kwenye kitu kingine kisichokuwa mwili ule uliozikwa? Kwa maoni yangu hilo swali halikumtoka tena, hata wakati alikuwa anaandika mambo ya mashini.

Alianza masomo Cambridge mwaka 1931, kwenye King's College, na mwaka 1935 wakamchagua kuwa mmoja wa wasomi wa chuo, akiwa na miaka 22 tu. Mwaka huo alisikiliza mafundisho ya mwalimu Max Newman juu ya swali la Mjerumani David Hilbert. Swali lilikuwa hivi: kuko njia moja ya kufuata hatua kwa hatua, bila ujanja wala bahati, inayoweza kuamua kama sentensi yoyote ya hesabu inaweza kuhakikishwa? Watu wengi walifikiri juu ya hesabu yenyewe. Turing alianza kufikiri juu ya mtu anayehesabu.

Wakati ule hakukuwa kompyuta. Hesabu ndefu zilifanywa na watu, makarani waliokaa na kalamu siku nzima. Basi Turing alijiuliza: karani huyu anafanya nini kabisa? Anaangalia alama moja kwenye karatasi. Anakumbuka amefika hatua gani. Anafuta ao anaandika alama ingine. Anahamisha macho kidogo upande. Hakuna zaidi. Kama ni hivyo, mashini inaweza kufanya yote: utepe mrefu wa karatasi uliogawanywa katika visanduku, jicho moja la kusoma na kuandika, na jedwali la kanuni linalosema ukiona hii, andika hii, sogea huku.

Sasa fikiri karani wa bandari hapa Kalemie. Iko na kitabu chake cha kanuni za kuhesabu magunia. Siku moja unamletea kitabu cha karani wa Moba, ambaye anahesabu kwa njia yake. Karani wetu hajui kazi ya Moba, lakini anajua kusoma. Anaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, anasoma agizo, anatafuta maana yake, anaandika matokeo kwenye karatasi ya pembeni, anasogeza kidole kwenye mstari unaofuata. Anarudia. Mtu akichukua karatasi mwishoni, hatajua kama ilijazwa na wa Moba ao na wa Kalemie aliyekuwa anamwiga.

Hiyo njo Turing aliandika, ingawa bila magunia yetu. Alionyesha kwamba unaweza kutengeneza mashini moja ambayo kanuni zake ni kusoma kanuni za mashini ingine na kuzifuata. Maelezo ya mashini ingine unayaandika kwenye utepe, sawa vile unaandika namba. Makala yake ilianza kutoka mwisho wa mwaka 1936, na mle ndani mna jedwali zima la ile mashini, mstari kwa mstari.

Emuleta kwenye telefoni ni karani huyo huyo. Inatenga visanduku kwenye kumbukumbu ya telefoni na kusema: hiki kitakuwa kama mfuko wa kwanza wa prosesa ya PlayStation, hiki mfuko wa pili, na hiki kitashika namba ya mstari tuliofikia. Kisha inasoma agizo, inatafuta maana, inabadilisha namba kwenye visanduku, inasogea. Mara mamilioni kwa sekunde moja. Na bei yake iko wazi: kwa agizo moja la mashini inayoigwa, telefoni inatekeleza maagizo yake mengi. Ni sababu moja kubwa telefoni inapata moto na batri inaisha haraka.

Hapa niruke mbele kidogo, sababu yule kijana aliniuliza pia juu ya hili. Itakuwa namna gani kama mashini inayoiga na ile inayoigwa zinafanana? Rudi kwa makarani wetu. Kama karani wa Moba anatumia luga ileile na fomu zilezile, haina maana kutafsiri kila mstari. Acha karani wa Kalemie afanye maagizo ya kawaida moja kwa moja, kwa mwendo wake wote. Lakini kuko maagizo machache ya hatari: fungua sanduku la pesa, badilisha ufunguo, funga ofisi. Hayo hayawezi kuachwa, sababu sanduku ni la ofisi yetu, siyo la Moba. Akifika hapo lazima asimame, msimamizi aje, ajifanye kwamba sanduku limefunguliwa, aandike tu pembeni, kisha kazi iendelee. Wahandisi wa kampuni IBM, kule Cambridge ya Marekani, walifanya hivyo katika miaka ya 1960. Waliifanya kompyuta moja ya aina ya System/360 ionekane kama kompyuta kadhaa za aina ileile, kila mtumiaji akifikiri yuko peke yake. Sehemu kubwa ya intaneti tunayoitumia leo inakaa kwenye kompyuta za namna hiyo, mashini ndani ya mashini inayofanana nayo.

Turudi mwaka 1936. Makala ilijibu pia swali la Hilbert, na jibu lilikuwa hapana. Turing alionyesha kwamba kuko maswali ambayo hakuna mashini itayaweza. Moja ni hili: ukipewa mashini yoyote na utepe wake, huwezi kuwa na njia moja ya kujua kama itafika mwisho ao itazunguka milele. Mmarekani Alonzo Church alikuwa amefika kwenye jibu lilelile miezi michache mbele, kwa njia ingine kabisa. Turing alienda kusoma kwake Princeton, akapata udaktari mwaka 1938, akarudi nyumbani. Vita ilikuwa karibu.

Tarehe 4 Septemba 1939, siku moja baada ya Uingereza kutangaza vita, aliripoti Bletchley Park, fasi ya siri ambapo walikuwa wanajaribu kusoma barua za redio za Wajerumani. Wajerumani walikuwa wanaficha maneno kwa mashini inaitwa Enigma. Ndani yake muna magurudumu matatu, kila moja na nafasi 26, na yanageuka kila mara unapobonyeza herufi. Nafasi za kuanzia ni 17,576. Yale matatu yalichaguliwa kati ya matano, na hapo kuko mipangilio 60, basi unazidisha tena, unapita milioni moja. Juu yake kulikuwa ubao wa nyaya unaobadilishana herufi, na ule unaongeza hesabu mpaka akili inachoka.

Haki isemwe: watu wa kwanza kuivunja Enigma hawakuwa Waingereza. Walikuwa wanahesabu watatu wa Polandi, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, tangu mwaka 1932. Walijenga nakala za Enigma na mashini ya kutafuta, na Julai 1939 waliwapa Waingereza na Wafaransa kila kitu walichojua. Filamu nyingi zinapita haraka pale.

Wajerumani walikuwa wanabadilisha taratibu zao, na njia ya Wapolandi ikaanza kushindwa. Turing alichora mashini mpya, mwenzake Gordon Welchman akaiongezea kitu kikubwa, na ya kwanza ilianza kazi Machi 1940. Waliiita Bombe. Angalia ilichokuwa ndani: magurudumu yaliyopangwa kuiga Enigma, na siyo moja, Enigma 36 katika mashini moja, zikizunguka pamoja. Watu walikuwa wanakisia neno moja lililo ndani ya barua, kama vile salamu ao habari ya hali ya hewa. Bombe ilipita nafasi baada ya nafasi ikiondoa zile ambazo haziwezekani, na ikisimama, wanawake waliokuwa wanaiendesha waliandika nafasi ile ili ijaribiwe. Mpaka mwisho wa vita zilijengwa zaidi ya 200. Hii haikuwa ile mashini ya kuiga zote aliyoiandika mwaka 1936. Bombe ilijua kuiga Enigma tu. Lakini mtu aliyeichora ni yuleyule.

Turing mwenyewe alichukua kazi ya Enigma ya jeshi la majini, ile wengine waliona haiwezekani. Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli za chakula. Oktoba 1941, yeye na wenzake watatu waliona kazi inakwama sababu ya kukosa makarani wachache tu, wakaruka wakubwa wao wote na kumwandikia Waziri Mkuu Churchill moja kwa moja. Churchill aliamuru wapewe kila kitu haraka.

Wenzake walimkumbuka kwa mambo ya ajabu. Kikombe chake alikifunga kwa mnyororo kisiibwe. Majira ya maua alipanda kinga akiwa amevaa kinyago cha gesi juu ya mafua. Na ile kinga ilikuwa na mnyororo unaotoka kila mara. Mtu mwingine angepeleka kwa fundi. Turing alihesabu ni mizunguko mingapi mnyororo unatoka, na kila safari alikuwa anahesabu, akikaribia anafanya kitu kidogo kwa mguu, anaendelea.

Kazi hii ya siri ilifika mpaka upande wetu wa Afrika. Mwaka 1942 kikundi cha wasomaji wa siri za Wajapani kilihamishiwa Mombasa, Kilindini, kikawekwa kwenye shule ya Allidina Visram, inayoangalia bahari. Huko njo walivunja siri za meli za biashara za Japani. Turing hakufika Mombasa. Lakini ilikuwa familia moja ya kazi, na watu wa Mombasa waliopita mbele ya ile shule hawakuambiwa kitu.

Vita iliisha, na Turing aliingia kwenye maabara ya serikali Teddington kuchora kompyuta ya kweli, ACE. Alitaka mashini rahisi, yenye vipande vichache, na ugumu wote uende kwenye programu. Wakubwa walichelewa, yeye akachoka. Alikuwa anakimbia sana wakati huo. Mwaka 1947 alimaliza marathoni kwa masaa 2, dakika 46 na sekunde 3, dakika 11 tu nyuma ya muda wa mtu atakayeshinda Olimpiki mwaka uliofuata. Mwaka 1948 alihamia chuo kikuu cha Manchester, ambapo Williams, Kilburn na Tootill walikuwa wametembeza programu ya kwanza kwenye kompyuta yao ndogo tarehe 21 Juni mwaka huo.

Na sasa kitu ambacho kwangu ni kizuri kuliko yote. Yeye na rafiki yake David Champernowne waliandika kanuni za kompyuta kucheza chesi. Lakini hakukuwa kompyuta ya kutosha kuzibeba. Mwaka 1952 Turing alikaa mbele ya Alick Glennie, mwenzake wa kazi, na kucheza yeye mwenyewe kama mashini. Kila zamu alifuata kanuni kwenye karatasi, bila kutia akili yake, na zamu moja iliweza kuchukua karibu nusu saa. Prosesa haikuwepo, basi mtu alikuwa prosesa. Mashini ilishindwa katika hatua 29.

Miaka miwili mbele ya hapo alikuwa ameandika makala ingine inayojulikana sana, akiuliza kama mashini inaweza kufikiri. Alipendekeza mchezo: mtu anaandikiana na wawili asiowaona, mmoja ni mtu, mwingine ni mashini inayoiga mtu. Asipoweza kuwatofautisha, tutasema nini? Vijana wanaozungumza na programu za akili bandia kwenye telefoni wanaingia kwenye mchezo huo kila siku.

Januari 1952 nyumba yake iliibiwa. Alienda kwa polisi kama raia yeyote. Walipouliza maswali ilijulikana kwamba alikuwa na uhusiano wa mapenzi na kijana mmoja mwanaume, na Turing hakukana. Sheria ya Uingereza, ya mwaka 1885, iliita hiyo kosa la jinai. Mwenye kuibiwa akawa mshitakiwa. Najua hapa kwetu wengi hawapendi jambo hili lisemwe kwenye redio. Lakini nikilificha, nitakuwa nimeeleza maisha ya mtu na kukata mwisho wake.

Mahakama ilimpa kuchagua: gereza, ao kuachiwa kwa sharti la kupewa homoni za kike mwaka mzima. Alichagua homoni. Mwili wake ulibadilika, matiti yakaota. Ruhusa ya kufanya kazi za siri ikaondolewa. Na kazi aliyoifanya wakati wa vita hakuweza kuitamka mbele ya hakimu, sababu ilikuwa siri ya serikali ileile iliyomshitaki.

Aliendelea na kazi. Alikuwa anatafuta kwa hesabu gisi gani milia na madoa yanatokea kwenye ngozi ya wanyama. Tarehe 8 Juni 1954 mfanyakazi wa nyumba alimkuta amekufa kitandani, kule Wilmslow, na tofaa lililoumwa karibu yake. Alikuwa amekufa siku iliyotangulia, kwa sumu ya sianidi, siku 16 mbele ya kutimiza miaka 42. Uchunguzi ulisema amejiua. Mama yake hakukubali kamwe. Alisema ni ajali, sababu mtoto alikuwa anafanya majaribio ya kemia mle nyumbani. Lile tofaa halikupimwa.

Mwaka 1959 mama huyo alitoa kitabu juu ya maisha ya mwanawe. Hakujua mwanawe alifanya nini Bletchley. Siri ilianza kutoka hadharani mwaka 1974, na mama Sara alikufa mwaka 1976. Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa jina la serikali mwaka 2009, malkia akatoa msamaha Desemba 2013, na sheria ya mwaka 2017 ikawafikia maelfu ya wengine waliohukumiwa hivyo.

Tarehe 23 Juni 2021, siku yake ya kuzaliwa, Uingereza ilitoa noti mpya ya pauni 50 yenye sura yake. Pembeni kuna utepe wenye tarehe ya kuzaliwa kwake kwa namba za sifuri na moja tu, na kuna jedwali kutoka kwenye makala ya 1936. Nilimwonyesha fundi wa telefoni picha ya ile noti. Aliikuza kwa vidole, akapita sura, akasimama kwenye jedwali, na mteja wake akangoja.